Mgonjwa wa Mgongo Apewe Kiti Chake

Imekuwa ada kwetu watu wa pwani, mtu akizidiwa na maradhi ya mgongo, jamaa hukusanyika wakachanga fedha na kumpeleka Bara Hindi kupasuliwa. Jambo hili ni zuri na lastahili kusifiwa. Lakini ipo kasoro moja. Fedha za hospitali hutolewa kwa moyo mkunjufu, ila ikifika zamu ya tikiti ya kurudi, kila mmoja husema, "Tafuteni ya rahisi." Wahenga walituusia kuwa rahisi huvunja upishi. Hapa, kinachohofiwa kuvunjika ni mgongo wa binadamu.

Hebu tutazame hesabu yenyewe. Ndege iendayo moja kwa moja kutoka Mumbai hadi Nairobi huchukua muda wa saa sita hivi. Ile ya rahisi aghalabu hupitia mji mwingine, kama Dubai au Addis Ababa, na mgonjwa huenda akangojea huko nusu ya siku juu ya kiti kigumu. Akishafika Nairobi, bado ana saa tano au zaidi za garimoshi hadi Miritini. Je, kilichookolewa ni kipi?

Wako wanaodhani kuwa viti vyote vya daraja la chini ni sawa. Sivyo. Aliyepasuliwa mgongo huonywa na madaktari asikae kitako kwa muda mrefu, kwani misuli hukaza na damu yaweza kuganda miguuni. Yampasa ainuke na kutembea kidogo kila baada ya saa moja hivi. Basi kiti cha kati hakimfai, na cha dirishani humlazimu kuwaruka wenziwe. Kinachomfaa ni kile cha kando ya njia. Safu ya mwisho nayo iepukwe, maana katika ndege nyingi viti vyake havilali nyuma. Ama kile cha penye mlango wa dharura, chenye nafasi ya kunyosha miguu, mgonjwa asikitamani: hapo hukalishwa mtu awezaye kuufungua mlango ule mzito wakati wa hatari.

Lipo pia suala la haya. Mzee wetu hukataa kiti cha magurudumu asije akaonekana kiwete, akajikokota uwanja mzima. Ilhali kampuni za ndege hukitoa bila malipo, mradi zijulishwe mapema, yaani saa 48 kabla ya safari.

Huenda wengine wakasema kuwa Muislamu husifika kwa subira. Ni kweli, lakini subira ni kwa lile lisiloepukika. Sharia yenyewe imemruhusu mgonjwa kuswali kwa kukaa, na asipoweza, kwa kulala. Na msafiri amepunguziwa rakaa. Ikiwa dini imelegeza katika nguzo yake, sisi ni nani hata tukaze katika kiti cha ndege?

Na tuache ile tabia ya kumtwika msafiri mizigo ya watu. Huyu ataka sari, yule ataka viungo, na mgonjwa arudi na masanduku asiyoweza hata kuyasukuma! Mkononi achukue dawa zake, barua ya daktari ya kumruhusu kusafiri, na mto mdogo wa kuegemeza kiuno. Hata mkoba huo autie mwengine katika kabati la juu.

Kwa hivyo, siku ya kupanga mchango, kiti cha mgonjwa kiandikwe katika orodha ile ile ya daktari na dawa. Mwenye kutoa shilingi zake kwa ajili ya matibabu hatapenda kusikia kuwa kazi ya daktari imeharibiwa njiani.