Tusikimbilie kupiga fomati

Wanafunzi wenzangu, kuna ugonjwa humu mitaani kwetu ambao dawa yake imekuwa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Kompyuta ya nyumbani ikiwa nzito, au folda zikigeuka sura, hakuna anayeuliza kilichoingia ni nini. Inabebwa mbio hadi kwa fundi. Fundi naye haulizi. "Hii ina virusi, tupige fomati." Muda si muda umelipa, umerudi nyumbani na mashine nyepesi kama unyoya, na kila ulichokihifadhi kimefagiliwa. Mimi naipinga tabia hiyo kabisa.

Shangazi yangu ni katibu wa chama cha akina mama 18. Rekodi za mikopo za miaka minne, nani amelipa na nani anadaiwa, zote zilikuwa kwenye kompyuta yake. Mwaka jana ikashikwa na virusi. Fundi mmoja akapiga fomati bila hata kumwuliza kama kuna kitu cha kunakiliwa kando. Waama, kupotea kwa faili si kitu ukilinganisha na maneno yaliyofuata. Wapo walionong'ona kwamba katibu amefuta hesabu makusudi. Ilibidi kila mama alete kijitabu chake, wakakaa chini Jumamosi tatu wakijumlisha upya, na mpaka leo wapo wawili wasiosalimiana. Kisha wiki chache baadaye, lahaula! Virusi vile vile vikarudi. Fundi alikuwa ameichoma nyumba ili amuue panya, kumbe panya yumo mkobani mwa mwenye nyumba. Flashi ya shangazi haikuguswa na mtu.

Hapa sisi wanafunzi wa kutwa tusijifanye hatujui. Asubuhi flashi iko shuleni, jioni iko pale tunapochapishia kazi, usiku imechomekwa nyumbani. Kama virusi hivi vingekuwa malaria, basi mbu ni sisi.

Na havina uchawi wowote. Unafungua flashi unakuta kila folda ina kimshale kidogo pembeni. Hizo si folda zako, ni njia za mkato zilizovishwa sura ya folda. Folda zako za kweli zimo mumo humo, zimefichwa tu. Ukibofya ile ya bandia, inafungua ya kweli ili usishuku, na papo hapo inaamsha kijifaili kinachojinakili ndani ya kompyuta. Mbona vinahitaji ubofye? Kwa sababu mnamo Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzima ile tabia ya flashi kujiendesha zenyewe kwenye Windows za zamani kama XP. Tangu hapo mwenye virusi anahitaji kidole chako, na njia ya kukipata ni kukuhadaa.

Likizo ya Desemba vilipoingia kwetu, mzee alikuwa ashaamua kompyuta ipelekwe. Kaka yangu na mimi tukamwomba siku moja tu. Kwanza tulichomoa intaneti. Kisha tukafungua Task Manager, mahali ambapo Windows huorodhesha kila programu inayoendelea kufanya kazi, tukamkuta mmoja aitwaye wscript.exe anahangaika ilhali hakuna aliyemtuma. Nisikilizeni vizuri hapa, maana wengi huharibu kazi papa hapa. Wscript mwenyewe si mwizi. Ni mtumishi halali wa Windows, kwao ni ndani ya folda ya System32, na kazi yake ni kusoma maagizo anayopewa. Ukimfuta yeye umemfunga hamali na kumwacha mwenye mzigo. Swali ni: nani anampa maagizo?

Virusi vya aina hii lazima viwe na mahali pa kuamkia kila kompyuta inapowashwa, la sivyo kuizima tu kungevimaliza. Kwa hiyo tulikagua orodha ya vitu vinavyojiwasha vyenyewe, tukaona jina moja la herufi za ovyo ovyo, lisilo na kampuni iliyolitengeneza. Tukafuata anwani yake hadi folda ya AppData, ambayo Windows huificha. Kikulacho ki nguoni mwako! Tukamsimamisha wscript, tukafuta kile kifaili, tukafuta na lile agizo la kukiamsha. Yupo asiyeridhika na orodha hiyo? Kuna programu ya bure ya Microsoft iitwayo Autoruns. Inaonyesha sehemu nyingi zaidi za kujificha, na unaweza kuiambia ifiche vitu vya Microsoft ili ubaki na wageni pekee.

Baada ya hapo tukaiacha Defender ifanye ukaguzi wa nje, ule ambao kompyuta hujizima na kukaguliwa kabla Windows haijaamka. Huo una maana yake. Virusi vya Brain, vilivyotungwa na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, mwaka 1986, vilikuwa na ujanja huu: ukichungulia mahali vilipokaa kwenye diski, vinakuonyesha nakala safi. Kirusi aliye macho anaweza kumdanganya anayemtafuta. Aliyelala hawezi.

Flashi ilikuwa ya mwisho kuoshwa, na mpangilio huo si wa bahati nasibu, maana ukiisafisha flashi kwanza, kompyuta inaichafua tena pale pale. Kwenye kile kidirisha cheusi tuliandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yetu) na folda zote zikajitokeza, hadi noti zangu za Historia. Kisha tukafuta zile njia za mkato pamoja na kifaili kilichokuwa kimejificha nazo. Kazi yote ilituchukua tangu baada ya chai hadi karibu na magharibi.

Najua mafundi watanicheka. Fomati ina malipo ya hakika; nani atamlipa mtu kwa kukaa alasiri nzima akitafuta? Ni kweli. Tena sisemi fomati ni haramu. Kama ulichokipata ni cha kuiba maneno ya siri, au ukaguzi unakitoa na kinarudi, basi nakili hati na picha zako kando, fomati ipigwe, na maneno ya siri uyabadilishe kwa kutumia kifaa kingine. Lakini fomati ya kwanza-kwanza, bila maswali, halafu fundi anakuwekea programu za wizi zilizovunjwa kufuli? Hizo ndizo hupenda kuja na mgeni ndani. Umelipa ili uambukizwe upya.

Ombi langu kwa shule ni dogo. Mlangoni mwa chumba cha kompyuta pawekwe mashine moja isiyounganishwa na nyingine, Defender yake iwe inasasishwa, na flashi yoyote ikaguliwe hapo kabla ya kuingia. Mwalimu wa kompyuta amekubali tuanze na ile ya kona ya dirishani, Ijumaa baada ya vipindi. Leteni flashi zenu, hata zile mnazoziapia kwamba ni safi.