Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Mali ya Wazee na Dhima ya Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hutajwa mno katika insha za shule, ila ukweli wake hudhihirika zaidi katika maboma ya wakongwe. Aghalabu anayemnyang'anya shaibu au ajuza mali yake si jambazi mwenye panga, bali ni yule anayemwita babu au nyanya.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inaitaka serikali ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kwamba wanatunzwa na jamaa zao pamoja na serikali yenyewe. Aidha, mpango wa Inua Jamii umewatengea wazee waliotimu umri wa miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwenye mshahara hizo ni fedha kidogo. Kwa mkongwe asiye na shamba wala pensheni, ndizo unga, sabuni na dawa ya shinikizo la damu.

Hata hivyo, fedha kumfikia mzee ni jambo moja, na mzee kuzitumia ni jambo jingine. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa wengi. Mzee asiyeona vizuri au asiyejua kusoma humkabidhi mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Ujumbe ukiingia, husomwa na mwingine. Akiambiwa kwamba fedha hazijaja, atauliza nani?

Dhuluma iliyo kubwa zaidi hutendeka katika ardhi. Sheria inadai kwamba mkataba wa kuuza ardhi uandikwe, utiwe sahihi na wahusika wote, na kila sahihi ishuhudiwe. Masharti haya yamekusudiwa kumlinda mwenye mali, lakini karatasi zenyewe kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mzee huambiwa kwamba anamdhamini mwanawe apate mkopo, kumbe anaweka rehani shamba lililo chini ya miguu yake. Alama ya dole gumba huthibitisha kwamba mzee aliigusa karatasi. Haithibitishi kwamba aliielewa.

Hapa ndipo suala hili linapowagusa wanakiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Urasmi huo utakuwa wa jina tu iwapo hati inayoweza kumfukuza mtu kwake haisomwi kwa lugha anayoifahamu. Yafaa kila hati ya mauzo, rehani au uwakala isomwe kwa sauti kwa Kiswahili sahili, au kwa lugha ya mama pale Kiswahili kinapokwama, mbele ya shahidi asiyenufaika na mali hiyo. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi; kikao hicho ni mahali mwafaka pa kumwuliza mzee, jamaa zake wakiwa nje, aeleze kwa kinywa chake anachokitoa na anachokipata.

Wapo watakaodai kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi hadharani. Hoja hii ina uzito, kwani mzee mwenyewe huogopa kumshtaki mwana anayempikia. Lakini siri ya aina hii humsitiri mwizi, haimsitiri mzee. Kwa upande mwingine, ulinzi usigeuke kuwa unyang'anyi wa pili. Uzee si wazimu. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kuuza, kugawa au hata kukataa kugawa mali yake. Anachohitaji ni kuelewa, si kuamuliwa.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wajibu wa kutafsiri fomu hizi kwa lugha nyepesi na kuzipeleka katika mabaraza ya machifu, makanisani na misikitini. Nao wahadhiri wanaofundisha tafsiri wangefanya hisani kubwa iwapo zoezi moja la muhula lingekuwa fomu ya rehani. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa. Basi neno lisitumiwe kuwaharibia wazee.