Umri wa pombe ubaki 18, na sisi wa mtandaoni tuulinde

Leo naongea na wanaouza vinywaji kwa simu. Kuna hoja kwamba umri wa kuruhusiwa pombe ushushwe kutoka 18 hadi 16, eti vijana wanakunywa tu hata hivyo. Mimi nauza bia hapa Natta, oda zinaingia WhatsApp, bodaboda anapeleka. Ukishushwa nitapata wateja wengi zaidi. Bado nasema hapana.

Wanaotaka ushuke wana maneno yao. Ujerumani mtu wa miaka 16 ananunua bia. Huku kwetu dogo wa 16 analima, anachunga, wengine wanajitegemea kabisa. Ukimnyima bia, wanasema, ataenda kwenye gongo.

Sawa, ila gongo ni haramu kwa umri wowote, na watu wazima wanaoinywa wamejaa. Hakuna aliyewanyima bia, wanafuata bei. Shusha umri, gongo itabaki palepale, utakuwa umeongeza wanywaji tu.

Halafu tuangalie biashara. Mnakumbuka viroba? Bei chee, vinajificha hata kwenye mfuko wa sare ya shule. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ikavipiga marufuku nchi nzima. Wapo waliobaki na katoni stoo, hata wale ambao hawakumuuzia mtoto yeyote. Na majirani zetu Kenya, Julai 2025 walizindua sera inayopendekeza umri upande hadi 21, na pombe isiuzwe kabisa mtandaoni wala kupelekwa nyumbani. Mkiona hivyo jueni watoto wakizidi kupata pombe, wa kwanza kufungiwa ni sisi wa simu.

Dukani unamuona mtu usoni. Kwenye simu unaona namba na picha ya ua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, haijasema "isipokuwa kwa WhatsApp". Kwa hiyo:

1. Leseni ya vileo kwanza. Bila hiyo hata mteja wa miaka 40 usimuuzie.
2. Mteja mpya, omba kitambulisho chenye mwaka wa kuzaliwa kabla hajalipa.
3. Mwambie bodaboda amkabidhi mtu mzima mkononi. Akikuta mtoto mlangoni, arudi na mzigo. Nauli ya kurudi ilipe wewe, usimbane yeye.
4. "Mzee amenituma" isikubalike. Mpigie mzee mwenyewe. Kama ni kweli, atakuja au atapokea mwenyewe.

Najua kreti moja ikirudi inauma, hasa mwezi mbaya. Lakini kreti itauzwa kesho. Soko likifungwa kwa sababu yetu, hatuna pa kuuzia.

Wewe unasemaje, ushuke, upande au ubaki? Tupia maoni hapo chini, tuelimishane bila matusi.