Karatu isije ikawa Chunya

Nimepotea kidogo, najua. Wikiendi tulichangishana, boom likiwa bado la moto, tukakodi Coaster tukaenda Ngorongoro. Kreta sitaielezea sana. Ina kina cha kama mita 600, na Coaster haishuki huko chini, kwa hiyo tuliishia kuchungulia pale juu ukingoni huku meno yakigongana kwa baridi.

Kilichonikaa kichwani ni Karatu tulikolala. Rumeti wangu ni mtoto wa Chunya. Jioni tunatembea barabara kuu, magari ya watalii yamejipanga, hoteli, maduka ya vinyago, yeye anacheka tu. "Hapa ni kama kwetu, ila dhahabu yenu inakuja na ndege." Dhahabu ilipopatikana Lupa miaka ya 1920, watu walimiminika toka kila kona, na miaka ya 1930 Chunya ilichangamka kweli kweli. Baadaye ikapoa, mgodi mkubwa wa Saza ukafungwa mwaka 1956. Siku hizi wachimbaji wapo tena na soko la dhahabu lipo, lakini hapo katikati kuna watu walizaliwa mpaka wakazeeka wakihadithiwa tu.

Sasa jamani, mimi mjomba wangu anakaa hapo hapo Karatu, na anataka kuuza ekari zake mbili kwa mtu wa kujenga loji. Sababu anayo. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi, bei ikaanguka, magunia yakabaki stoo. Simlaumu hata kidogo. Ila mwaka 2020 korona ilipozuia ndege, loji zilifunga, na nyumbani tulikula mahindi ya ekari hizo hizo mbili.

Msimamo wangu: watalii waje, loji zijengwe, lakini shamba likodishwe, lisiuzwe. Pesa ya mkupuo inaisha na pikipiki moja na bati la jirani kuonea wivu. Nikamwambia, "Mjomba, mkodishie." Akanitazama weee, akasema, "Si wewe unayesoma utalii? Au ada yako itatoka wapi?"

Rumeti akaangalia pembeni. Mimi nikanywa chai.

Ada ya semista ijayo kweli haijapatikana. Mjomba kasema atasubiri mpaka mavuno, kisha tuongee tena. Mwenye shangazi au baba aliyewahi kukodisha ardhi kwa mkataba wa maandishi anitafute kabla ya hapo, nipo bweni lile lile.