Mtambo wa Kutambua Sura Nao Uhojiwe

Shahidi anaposimama mahakamani na kusema kwamba mtu aliyemwona usiku wa tukio ndiye huyu aliyeketi pale, wakili wa utetezi huinuka na kuanza maswali yake. Mwanga ulikuwa wa nini: wa kibatari, wa chemli au wa umeme? Taa ilikuwa imewekwa wapi? Yule mtu alikuwa umbali wa hatua ngapi? Shahidi alimtazama kwa muda gani, na je, alikuwa akimfahamu kabla ya siku ile? Asiyejua sheria huweza kudhani kuwa maswali hayo ni ya kumsumbua bure mtu mnyofu ambaye amekwisha kuibiwa mali yake. Lakini hayakuzuka hivi hivi. Katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, iliwaonya mahakimu na majaji kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni miongoni mwa ushahidi ulio dhaifu kabisa, na kwamba mshitakiwa asitiwe hatiani kwa ushahidi huo mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa.

Onyo hilo lilikuwa na mizizi. Mwaka 1942 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kueleza kwamba, panapokuwa na ubishi juu ya nani aliyetenda kosa, jambo lenye uzito mkubwa ni yale maelezo ya sura na umbo ambayo shahidi aliyatoa mwanzoni. Kama alisema "mrefu, maji ya kunde, ana mwanya", maneno hayo yawe yameandikwa, ili baadaye yalinganishwe na mtu aliyeletwa kizimbani. Baadaye tena, katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita, mahakama ya Tanzania ilitilia mkazo kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo huaminika zaidi kuliko yule anayemkumbuka baada ya siku kupita. Kwa zaidi ya miaka 80, basi, mahakama za Afrika Mashariki zimejizoeza kulitilia shaka jicho la binadamu, hata la binadamu mkweli.

Yafaa kuyakumbuka hayo leo, kwa sababu shahidi wa namna mpya anakikaribia kizimba. Huyo ni mtambo wa kompyuta ambao hupewa picha ya mhalifu iliyonaswa na kamera, ukailinganisha na maelfu au mamilioni ya picha zilizohifadhiwa, kisha ukatoa jina. Nchini Uganda, Jeshi la Polisi lilithibitisha mwaka 2019 kwamba lilikuwa likifunga kamera za kampuni ya Huawei zenye uwezo wa kutambua sura, kwa gharama ya dola milioni 126 za Marekani. Nchini Tanzania, picha za sura za wananchi zimo katika daftari la vitambulisho vya taifa, katika hati za kusafiria na katika leseni za udereva. Malighafi ya mtambo huo ipo tayari. Kinachotakiwa kuwa tayari pia ni maswali ya kuuliza.

Tamaa ya kumkamata mhalifu kwa sura yake si ya jana. Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris, ndiye aliyeweka utaratibu wa kumpiga picha mfungwa mara mbili, uso kwa mbele na uso kwa upande, utaratibu ambao ungali ukifuatwa duniani kote. Lakini wengi husahau kwamba Bertillon mwenyewe hakuitegemea picha peke yake. Aliona polisi wa Paris wakiwa na picha chungu nzima ambazo hazikuwasaidia kujua nani amekwisha kufungwa na nani hajafungwa, kwani watu hufanana na mtu mmoja hubadilika. Kwa hiyo kuanzia miaka ya 1880 aliongeza vipimo vya mwili, kama vile urefu wa mkono na upana wa kichwa, mpaka navyo vilipokuja kushindwa na alama za vidole.

Uingereza ililipia somo hilo kwa uhai wa heshima ya mtu. Mwaka 1896 Adolf Beck, raia wa Norway aliyekuwa akiishi London, alifungwa miaka 7 kwa kosa la kuwatapeli wanawake vito vyao. Wanawake wengi, mmoja baada ya mwingine, walimnyoshea kidole na kuapa kwamba ndiye. Polisi nao waliamini kwamba ndiye yule aliyejiita John Smith, aliyekwisha kufungwa kwa utapeli wa aina hiyo hiyo mwaka 1877. Mwaka 1898 jalada la zamani lilifunguliwa, ikaonekana kwamba Smith alikuwa ametahiriwa na Beck hakutahiriwa. Wakubwa wa wizara wakasahihisha kumbukumbu za kifungo, wakalirudisha jalada kabatini, na Beck wakamwacha gerezani. Aliachiliwa mwaka 1901, akakamatwa tena mwaka 1904, na wanawake wengine wakamtambua tena, akatiwa hatiani mara ya pili. Aliokolewa na bahati: Smith wa kweli alinaswa akijaribu kuweka vito rehani wakati Beck yumo mahabusu. Serikali ilimpa msamaha na fidia ya pauni 5,000, na mwaka 1907 Bunge la Uingereza likaunda Mahakama ya Rufani ya Jinai. Mtumishi wa serikali anayeisoma habari hiyo hataacha kulitazama zaidi lile jalada la mwaka 1898 kuliko vidole vya mashahidi. Wanawake wale walikosea kwa nia safi. Waliolishika jalada waliuona ukweli kwa maandishi.

Baada ya picha ya kupigwa ikaja picha ya kutungwa. Mwaka 1959 afisa wa polisi wa Los Angeles, Hugh McDonald, alileta kifaa kilichoitwa Identikit: karatasi za plastiki angavu, nyingine zimechorwa macho, nyingine pua, nyingine videvu, ambazo hupangwa moja juu ya nyingine kwa kufuata maelezo ya shahidi mpaka uso ukatokea. Mwaka 1961 picha ya namna hiyo ilimwezesha askari mmoja wa London kumtambua barabarani kijana aliyekuwa ameua mwanamke dukani, na kijana huyo akakiri. Hapana haki ya kuubeza ushindi huo. Hata hivyo tatizo la kifaa hicho limo ndani ya maumbile ya kumbukumbu. Mtu haukumbuki uso vipande vipande. Huukumbuka mzima, kama anavyokumbuka sauti. Mswahili akiulizwa fulani alikuwaje, haanzi na upana wa pua. Husema alikuwa mweusi tititi au maji ya kunde, mwembamba au wa miraba minne, ana chale, ana mwendo wa kuchechemea, "kama yule fundi wa sokoni hivi". Kumtaka auvunje uso huo kuwa macho namba fulani na kidevu namba fulani ni kumtaka atoe kitu ambacho hakukihifadhi.

Matokeo ya kuisahau tofauti hiyo yalionekana katika jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1984. Mtoto wa kike wa miaka 9 aliuawa kikatili. Watoto wawili wa kiume walikuwa wamemwona mtu aliyekuwa naye, na kwa maelezo yao polisi wakatengeneza picha, wakaitangaza. Mtu mmoja akapiga simu kusema kwamba picha hiyo inafanana na Kirk Bloodsworth. Watoto walikuwa wamesema mtu mwembamba, mrefu wa karibu futi 6 na inchi 5, mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Bloodsworth alikuwa na futi 6, mnene, na nywele nyekundu. Lakini picha ilikwisha kuingia machoni mwa watu, na mashahidi watano wakasimama mahakamani na kumtambua. Mwaka 1985 akahukumiwa kifo. Kesi ilisikilizwa upya, adhabu ikawa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani mpaka mwaka 1993, vinasaba vilipothibitisha kwamba si yeye. Muuaji wa kweli alitambuliwa kwa vinasaba mwaka 2003. Alikuwa amefungwa kwa kosa jingine katika gereza lile lile, na Bloodsworth alimfahamu.

Watetezi wa kompyuta watasema kwamba hayo yalikuwa makosa ya macho na ya kumbukumbu, na kwamba mtambo hauna woga, hauchoki wala hausahau. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mitambo bora ya leo, ikipewa picha safi iliyopigwa kwa mbele katika mwanga mzuri, huwapita watu wengi kwa uwezo wa kulinganisha. Lakini mhalifu haendi studio. Kamera ya dukani humnasa kutoka juu, kofia imeshushwa, usiku, kwa mbali. Kadhalika mtambo hausemi "ndiye". Husema kwamba, katika picha zote ilizonazo, hizi ndizo zinazokaribia. Hata kama mhalifu hayumo kabisa katika hifadhi hiyo, mtambo uliotegeshwa kuleta majina utaleta majina.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote, nayo haizungumzwi vya kutosha. Mjini Detroit saa za mkono ziliibwa dukani mwaka 2018. Picha hafifu ya kamera ilipitishwa katika mtambo, ukatoa leseni ya zamani ya udereva ya mwananchi mmoja mweusi. Picha yake ikachanganywa na za watu wengine watano, akaitwa shahidi ambaye hakuwapo dukani siku ya wizi na ambaye alikuwa ameitazama tu ile filamu ya kamera, naye akaichagua. Mwezi Januari 2020 mwananchi huyo alitiwa pingu mbele ya mkewe na binti zake wawili wadogo, akalala mahabusu, akakaa humo karibu saa 30. Alipoonyeshwa picha ya mwizi aliishika kando ya uso wake mwenyewe, na tofauti ikaonekana wazi. Mashitaka yakafutwa.

Polisi waliona kwamba wana ushahidi wa aina mbili, wa mtambo na wa shahidi, tena unaokubaliana. Kwa kweli ulikuwa mmoja. Mtambo uliotafuta katika mamilioni ya sura ulikuwa umefanya kazi ya kumpata mtu anayefanana mno na mwizi. Kumpanga mtu huyo pamoja na wengine wasiofanana na mwizi, kisha kumwita shahidi achague, ni kumwelekeza pa kunyosha kidole. Gwaride la utambulisho lina maana pale tu mtuhumiwa alipopatikana kwa njia isiyotokana na sura yake: mali iliyokutwa kwake, alama ya kidole, jina lililotajwa mapema. Likiandaliwa kwa sababu ya kufanana, huthibitisha kufanana tu. Mwezi Juni 2024 Detroit ilikubali, katika kuimaliza kesi ya madai, kwamba polisi wake hawatamkamata mtu kwa jibu la mtambo peke yake, wala kwa utambulisho wa picha unaotokana na jibu hilo bila ushahidi mwingine unaojitegemea.

Jambo la pili linaigusa Afrika Mashariki kwa jina. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilichapisha uchunguzi wa programu 189 kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18. Katika kazi ya kulinganisha picha mbili, programu nyingi zilikosea kwa kuwafananisha watu wawili tofauti, na makosa hayo yalikuwa mengi kupita kiasi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki, wakati kwa watu wa Ulaya ya Mashariki yalikuwa machache kuliko yote. Tofauti mara nyingi ilikuwa ya mara 10 hadi 100. Programu chache zilizo bora hazikuonyesha tofauti kubwa, na programu kadhaa zilizotengenezwa China hazikuwa na udhaifu huo kwa sura za Asia ya Mashariki, jambo linalodokeza kwamba mtambo huzijua vyema sura ulizofundishiwa. Serikali inayonunua mtambo pasipo kuuliza ulifundishwa kwa sura za nani inanunua gunia bila kulifungua.

Tanzania haianzi patupu. Matumizi ya vinasaba yamewekewa sheria yake tangu mwaka 2009. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu alama za kibayometria kuwa taarifa nyeti. Kinachokosekana ni kuuweka mtambo wa sura mahali pake katika mwenendo wa upelelezi, na jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Jibu la mtambo lihesabiwe kama fununu ya raia asiyejitaja jina: linatosha kuanzisha uchunguzi, halitoshi kumtia mtu pingu. Jalada lionyeshe ni picha gani iliyotumika, ilikuwa na ubora gani, ni programu ipi, na majina mengine yaliyotolewa ni yapi, maana mshitakiwa aliyekuwa wa tano katika orodha ana haki ya kujua habari za wale wanne waliomtangulia. Maelezo ya shahidi yaandikwe kabla hajaonyeshwa picha yoyote, kama ilivyoelekezwa mwaka 1942.

Walimu wakuu na maafisa utumishi nao wamo katika shauri hili, kwa vile wanatunza picha za wanafunzi na za watumishi katika majalada na kompyuta za ofisi. Picha hizo zilitolewa kwa ajili ya mitihani na ajira. Zikiombwa kwa kazi nyingine ziombwe kwa maandishi, na anayezitoa abakize nakala ya barua katika jalada. Vile vile picha ya "mwizi huyu anatafutwa" inayofika kwenye simu ya mwalimu haina namba ya kesi wala jina la kituo cha polisi, na mtaa wenye hasira haungoji gwaride la utambulisho. Mpokeaji mwenye habari ya kweli anajua kituo kilipo. Kwa upande wa Jeshi la Polisi, taratibu za gwaride la utambulisho tayari zimo katika kanuni zake za kudumu. Aya chache zinazohusu mtambo wa sura zingeweza kuongezwa humo kabla mtuhumiwa wa kwanza hajafikishwa mahakamani kwa jibu la kompyuta.