Canal+ na DStv ni nyumba moja: nani atachunga bei?

Ndugu wapendwa wa Tenke na Fungurume wanajua namna mali inavyobadili mikono mbali na macho yao. Mwaka 2016 Wamarekani wa Freeport-McMoRan waliuza sehemu yao ya mgodi wa Tenke Fungurume kwa Wachina wa CMOC, na sisi tulibaki kusikiliza redio. Sasa ni zamu ya televisheni. Tangu Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa inatawala MultiChoice ya Afrika Kusini, mwenye DStv.

Katika sehemu kubwa ya Afrika kampuni hizi mbili hazikupigana sana. Canal+ ilishika nchi za Kifaransa, MultiChoice zile za Kiingereza na Kireno. Huku kwetu Lualaba, jirani na Zambia, zilikutana kwenye mapaa ya mtaa mmoja. Anayetaka mpira kwa Kifaransa hulipa abonema huku, aliyezoea Kiingereza hulipa kule. Na wengi hawana dekoda. Wanatoa franka chache kwa jirani anayeonyesha mechi.

Tuseme kweli: hata zilipokuwa mbili, ushindani ule ulikuwa nusu. Haki za mechi kubwa huuzwa kwa nchi na kwa lugha, mara nyingi kwa kampuni moja tu. Duka moja likiuza unga na jingine chumvi, bei haishuki kwa sababu wako wawili. Lakini aliyechoka na huyu aliweza kuhamia kwa yule, na mlango huo ndio unaofungwa. StarTimes ya Wachina imebaki, lakini kwa mpenzi wa mpira si kila mara inaziba pengo.

Afrika Kusini hawakukubali bure. Mahakama yao ya ushindani ilipitisha ununuzi huo Julai 2025 kwa masharti: kwa miaka 3 wafanyakazi wasifukuzwe kwa sababu ya muungano. Na kwa kuwa sheria yao inampa mgeni si zaidi ya 20% ya kura katika kampuni ya utangazaji, leseni iliwekwa katika kampuni ya pembeni.

Kwetu kuna CSAC, iliyoundwa kwa sheria ya 10 Januari 2011. Juu ya maneno inasikika upesi: Juni 2025 ilivikataza vyombo vya habari kutangaza habari za Joseph Kabila na chama chake kwa siku 90. Bei ya abonema ni jambo jingine. Hiyo inaangukia sheria ya ushindani ya 9 Julai 2018 na tume yake, na pia tume ya COMESA kule Lilongwe, iliyoanza kazi 2013, maana Kongo ni mwanachama. Milango ipo, ila mlipaji wa Tenke hajaonyeshwa hata mmoja.

Makanisa yenye televisheni yao nayo yaamke, kwa sababu mkono mmoja sasa una uzito mkubwa zaidi katika kuamua chaneli gani ikae kwenye orodha na ipi itolewe.

La haraka ni dekoda. Mama aliyeuza mahindi akanunua ya DStv ana haki ya kuambiwa kwa maandishi, kabla ya badiliko lolote, kama itaendelea kufanya kazi, na kama sivyo, nani atalipa mpya.