Kipimo cha ndani: dada zangu wa Tunduma, msiogope

Kipimo cha ndani, yaani altrasaundi ya kupitia ukeni, ndipo mahali ambapo wengi wetu tunakwama. Mimi nafanya biashara hapa Tunduma, mpakani. Niliposumbuliwa na maumivu ya chini ya kitovu nilipanda gari hadi Vwawa kupimwa, nikiwa nimekunywa lita nzima ya maji kama nilivyofanya nilipopimwa nikiwa mjamzito. Kumbe altrasaundi ya kupitia ukeni inataka kibofu kitupu. Maji mengi ni kwa ile ya juu ya tumbo. Nikaambiwa niende chooni kwanza.

Unavua nguo za chini, unajifunika khanga, unalala chali magoti yakiwa yamekunjwa. Kifaa ni chembamba, kinavishwa kondomu mpya na kupakwa jeli, na kinaingia sentimita chache tu. Nilihisi kusukumwa, hasa upande wa kushoto, lakini si maumivu makali. Hakina mionzi, na hata ukiwa hedhini unaweza kupimwa.

Jambo ambalo sikulijua: unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani, na ukisema basi, mpimaji anaacha hapo hapo. Kama hujawahi kukutana kimwili na mwanaume, sema mapema, upimwe juu ya tumbo. Kama mpira wa glovu unakuwasha, sema pia, maana kondomu ya kifaa nayo huweza kuwa ya mpira huo.

Kina mama wenzangu, tuache kuwatisha mabinti zetu kwamba kipimo hiki kinaharibu kizazi. Hakiharibu.